Soko na Fedha kwa Jamii za Vijijini Wakati Uchumi Unapoyumba: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mkulima anayeuza mavuno yake wiki ile ile ya kuvuna, kwa bei ya chini kuliko zote za mwaka, mara nyingi anajua vizuri kuliko mshauri wake kwamba bei itapanda baada ya miezi michache. Hauzi kwa sababu ya ujinga. Anauza kwa sababu ada ya shule, deni la pembejeo na gharama ya matibabu havimsubiri. Kwa hiyo kumpelekea taarifa za bei bila kumsaidia kuwa na akiba ni kumwonyesha mlango ambao hana ufunguo wake, na kumpa mkopo bila kujua atamuuzia nani ni kumwongezea mzigo. Soko na huduma za fedha ni kazi moja, na ni lazima zijengwe pamoja kwa mpangilio unaofaa.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: kwanza ijulikane kalenda ya fedha ya jamii, kisha akiba, kisha kuuza na kununua kwa pamoja, kisha kuhifadhi mazao, na mkopo kutoka nje uje mwisho. Miradi mingi huanza na huo mkopo, na uchumi unapoyumba ndiyo huwa ya kwanza kuvunjika. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vikundi, maafisa ugani na watendaji wa asasi wanaofanya kazi hiyo vijijini.

Hatua ya kwanza: Chora kalenda ya fedha

Kabla ya kuitisha mkutano wa kuunda kikundi chochote, keti na watu kumi au kumi na wawili wa hali tofauti na uchore nao jedwali la miezi 12. Kwa kila mwezi andikeni fedha zinazoingia na chanzo chake, fedha zinazotoka na sababu yake, bei ya zao kuu pale shambani, na nani hununua. Fanya zoezi hili na wanawake peke yao, kisha na wanaume peke yao. Majedwali mawili ya kaya zile zile hayafanani kamwe, na pale yanapotofautiana ndipo penye habari: wanaume hutaja mapato makubwa ya msimu, wanawake hutaja vipato vidogo vya kila wiki, na ni hivi vidogo ambavyo baadaye vitabeba akiba ya kikundi.

Baada ya hapo lifuate gunia moja. Panda gari pamoja nalo kama inawezekana, kuanzia shambani hadi kwa mnunuzi wa mwisho, ukiandika kila gharama: upakiaji, usafiri, ushuru, upungufu wa uzito, mazao yaliyokataliwa kwa ubovu, na siku ambazo mfanyabiashara alikaa bila kulipwa. Kazi hii huchukua siku mbili au tatu na hufuta dhana nyingi. Tumezoea kumlaumu dalali kwa kila kitu, lakini ukikokotoa utakuta wakati mwingine faida yake ni ndogo, na kwamba anachouza hasa ni fedha taslimu za papo hapo na uwezo wa kubeba hasara. Mahali pengine utakuta kinyume chake, yaani mizani iliyochezewa, gunia lililorundikwa kupita kipimo, au mnunuzi mmoja aliyewakopesha watu wote na hivyo kuwafunga wasiuze kwingine. Hali hizi mbili zinahitaji tiba tofauti. Ya kwanza inatibiwa kwa kupunguza gharama kwa kukusanya mzigo pamoja, na dalali yule yule anaweza kubaki kuwa mshirika mzuri. Ya pili haitatibika mpaka deni lake lilipwe.

Kuhusu taarifa za bei, mfano unaotajwa sana ni wa wavuvi wa dagaa katika jimbo la Kerala nchini India, ambako simu za mkononi zilienea kati ya mwaka 1997 na 2001. Mchumi Robert Jensen alionyesha kwamba tofauti za bei kati ya soko na soko zilipungua sana, samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakapata soko, faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa takriban asilimia 4. Watu huutaja mfano huu kana kwamba simu ndiyo iliyoleta faida. Lakini wavuvi wale walikuwa na mashua, na kwa simu moja waliweza kugeuza njia na kwenda kuuza ufuko mwingine. Mkulima mwenye deni kwa mnunuzi wake hana mashua ya kugeuza. Ndiyo maana hatua inayofuata ni akiba.

Hatua ya pili: Jenga akiba ya ndani kwanza

Mfumo uliothibitika zaidi ni wa vikundi vya kuweka na kukopa vya vijijini, ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991 na ambao umeenea katika nchi nyingi. Kanuni zake ni chache. Wanachama ni kati ya 15 na 25 wanaojuana na waliochaguana wenyewe. Kila mkutano mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano, na bei ya hisa hupangwa kwa kipimo cha mwanachama mwenye kipato kidogo, si cha mwenye uwezo. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu ambao si mweka sanduku. Mikopo hutolewa kutoka katika akiba hiyo, kwa kawaida isiyozidi mara tatu ya hisa za mkopaji, kwa muda mfupi wa takriban miezi mitatu. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi 9 hadi 12, fedha zote hugawanywa kulingana na hisa na kikundi huanza upya.

Mgawo huo wa mwisho wa mzunguko usiupuuze. Ndio ukaguzi ambao hata asiyejua kusoma anaufanya mwenyewe: fedha zipo au hazipo. Panga tarehe yake iangukie mwezi ambao kalenda yenu ilionyesha matumizi makubwa kuliko mapato, kwa mfano kabla ya kununua mbegu au kulipa ada. Kuugawa mfuko wakati wa mavuno, watu wakiwa na fedha mkononi tayari, ni kuupoteza.

Mfumuko wa bei hubadilisha hesabu hizi. Chukulia kwamba bei zinapanda kwa asilimia 5 kila mwezi. Kitu kilichouzwa 100 mwanzoni mwa mwaka kitakuwa karibu 180 mwishoni. Mwanachama aliyeweka 100 mwezi wa kwanza na akapata 130 wakati wa mgawo atashangilia faida ya asilimia 30, ilhali kwa uwezo wa kununua amepoteza zaidi ya robo ya akiba yake. Nchini Zimbabwe, ambako takwimu rasmi za Julai 2008 zilitaja mfumuko wa asilimia milioni 231 kwa mwaka, akiba za fedha taslimu za sarafu ya nchi zilifutika, na mwaka 2009 nchi ililazimika kuruhusu matumizi ya sarafu za kigeni. Hali nyingi hazifikii hapo, lakini mwelekeo wa hesabu ni ule ule.

Kikundi kinaweza kujikinga kwa njia nne. Kwanza, fupisha mzunguko kutoka miezi 12 hadi 6 au hata 4. Pili, hakikisha fedha hazilali ndani ya sanduku, bali zinakopeshwa kila mkutano kwa biashara zinazogeuza mtaji haraka. Tatu, pitieni upya bei ya hisa na kiwango cha riba kila mwanzo wa mzunguko, jambo ambalo vikundi vingi husahau kwa miaka. Nne, na kwangu hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, tumieni sehemu ya mfuko kununua mapema kwa pamoja vitu ambavyo wanachama watavihitaji kwa hakika, kama mbolea, mbegu na vifungashio, na kuvigawa badala ya fedha. Tahadhari: kinunuliwe tu kile kisichoharibika na ambacho kila mwanachama angekinunua hata hivyo. Kununua bidhaa kwa kubahatisha kwamba zitapanda bei ni ulanguzi, na kikundi cha akiba hakikuundwa kwa hilo.

Hatua ya tatu: Uzeni pamoja, mnunue pamoja

Anzeni na zao moja, msimu mmoja, mnunuzi mmoja. Tafuteni mnunuzi kabla ya kukusanya mzigo na mkubaliane naye kwa maandishi juu ya mambo haya: kiwango cha ubora kinachokubalika na jinsi kitakavyopimwa, mizani ya nani itatumika na nani ataikagua, mahali pa kukabidhi, nani analipa usafiri na vifungashio, na malipo yatafanyika lini. Chukueni sampuli tatu zilizofungwa na kutiwa saini na pande zote, moja ibaki kwenu, moja kwa mnunuzi na moja kwa mtu asiyeegemea upande wowote. Mnunuzi akidai kwamba mzigo haufanani na makubaliano, sampuli itaamua.

Katika uchumi unaoyumba, msiweke bei moja isiyobadilika kwa mkataba wa miezi mingi. Bei ikipanda ghafla wanachama watauza kando, na ikishuka mnunuzi atatoweka. Wekeni kanuni ya bei badala ya bei yenyewe: bei ya siku ya makabidhiano katika soko mlilolitaja kwa jina, ukitoa gharama zilizokubaliwa za usafiri, pamoja na bei ya chini ambayo mnunuzi hawezi kuishusha. Kama malipo yanacheleweshwa, mkataba utaje nyongeza kwa kila wiki ya kuchelewa, kwa kuwa wiki tatu za kusubiri wakati bei zinapanda ni punguzo ambalo mnunuzi amejipa kimyakimya.

Tatizo linaloua mauzo ya pamoja ni wanachama kuuza kando. Viongozi wengi hulitibu kwa faini na mahubiri ya umoja. Ukichunguza ni nani aliyeuza kando na wiki gani, utakuta karibu kila mara ni mtu aliyekuwa na dharura wakati kikundi kikisubiri lori. Dawa yake ni malipo ya awali: siku mwanachama anapoleta mzigo kwenye kituo cha kukusanyia, apimiwe, apewe stakabadhi, na alipwe hapo hapo sehemu ya thamani, kama nusu, kutoka katika mfuko uliojengwa katika hatua ya pili. Kilichobaki atalipwa mnunuzi akishalipa, baada ya kukatwa gharama zilizotangazwa mapema. Kikundi kisichoweza kutoa malipo haya kikusanye mzigo mdogo kwanza. Ni afadhali magunia 40 yaliyolipwa vizuri kuliko 400 yaliyoleta ugomvi.

Upande wa kununua, kanuni ni fupi: agizeni pembejeo pamoja, na mgawie aliyekwisha kulipa. Wale 28 walioanzisha duka la ushirika huko Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 waliweka sharti la kuuza kwa fedha taslimu tu, na walikuwa watu maskini wenye kila sababu ya kutaka kukopeshana. Duka la ushirika linalokopesha pembejeo bila mfuko maalumu hugeuka kuwa benki mbovu.

Hatua ya nne: Hifadhini mazao, lakini pigeni hesabu kwanza

Kuhifadhi ni njia ya kuhamisha mauzo kutoka mwezi wa bei ya chini kwenda mwezi wa bei nzuri. Kwa nafaka, jambo la kwanza ni ukavu. Nafaka inayohifadhiwa inapaswa kuwa na unyevu wa takriban asilimia 13 au chini yake, la sivyo itaota ukungu na kuweza kuzalisha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Kama hamna kipima unyevu, chukueni chupa kavu ya kioo, mtie nafaka na chumvi kavu, mtikise kwa dakika chache na muiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, nafaka bado ni mbichi. Kipimo hiki hakitoi namba kamili, lakini kinatosha kukataa mzigo usiofaa.

Dhidi ya wadudu, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inafanya kazi vizuri bila dawa. Teknolojia hii ilianzia Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, ambako watafiti wa huko na wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walikuwa wakitafuta njia ya kuhifadhi kunde. Mifuko miwili ya plastiki huwekwa ndani ya gunia la kawaida na kila mmoja hufungwa peke yake, na wadudu hufa kwa kukosa oksijeni. Mfuko ukitoboka au ukifunguliwa mara kwa mara, faida yake haipo tena.

Sasa hesabu. Tuseme magunia 100 yana bei ya 100 kila moja wakati wa mavuno, na mnatarajia 130 baada ya miezi minne. Ukiona tofauti ya 30 unaona faida kubwa. Lakini magunia 6 yanapotea kwa ukavu, panya na ubovu, kwa hiyo mnauza 94 na kupata 12,220. Uhifadhi na ulinzi unagharimu 8 kwa kila gunia la mwanzo, jumla 800. Kama wanachama walipewa mkopo wa asilimia 60 ya thamani ya mzigo, yaani 6,000, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, riba ya miezi minne ni 720. Inabaki 10,700 dhidi ya 10,000 za siku ya mavuno. Faida ni asilimia 7, si 30. Na kama bei za vitu zinapanda kwa asilimia 2 kwa mwezi, mkulima ambaye angeuza mara moja na kununua mbolea ya msimu ujao siku hiyo angekuwa ameokoa kama asilimia 8. Kwa upande mwingine, kama angeuza na kuzikalia zile fedha, ghala lingemfaa zaidi. Swali sahihi basi si kama bei itapanda, bali mkulima angezifanyia nini fedha hizo leo. Fanyeni hesabu hii kila msimu kwa namba zenu, na muwe tayari kuamua kwamba mwaka huu hamhifadhi, au kwamba mnahifadhi nusu tu.

Mazao yaliyohifadhiwa vizuri yanaweza pia kuwa dhamana. Nchini Niger, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, vikundi vya wakulima vimekuwa vikifunga mazao katika ghala la kijijini lenye kufuli mbili, moja ya kikundi na moja ya mkopeshaji, na kupata mkopo wa sehemu ya thamani yake bila kuhitaji hati ya ardhi. Mfumo mkubwa zaidi wa aina hiyo ni wa stakabadhi ghalani, yaani hati ya mazao yaliyowekwa ghalani, ambao Tanzania iliutungia sheria mwaka 2005. Kabla ya kuingia katika mfumo wowote wa namna hii, ulizeni ni nani anayebeba hasara mazao yakiharibika ndani ya ghala, na jibu liandikwe.

Hatua ya tano: Ingieni katika huduma rasmi kwa masharti yenu

Kikundi kilichokamilisha mzunguko mmoja wa akiba na msimu mmoja wa mauzo kina kitu ambacho benki haiwezi kukipata kwingine: kumbukumbu. Daftari la hisa, daftari la mikopo, stakabadhi za mauzo na mgawo uliosainiwa vinaonyesha mapato na nidhamu ya watu ambao kwenye vitabu vya benki hawapo kabisa. Fungueni kwanza akaunti ya akiba ya kikundi yenye watia saini watatu, muitumie kwa miezi sita au zaidi, na mwombe mkopo baadaye.

Simu zimerahisisha sehemu ya kazi hii. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, malipo yanaweza kufika kijijini bila mtu kusafiri, na kila muamala huacha kumbukumbu. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Mawakala wa vijijini mara nyingi huishiwa fedha taslimu siku ya mauzo, kwa hiyo mwarifuni wakala siku tatu kabla ya malipo makubwa. Ada za kutoa fedha kidogo kidogo hula kipato cha mwenye kidogo, hivyo pangeni kutoa mara chache. Na ujumbe unaosema fedha zimeingia si uthibitisho: mweka hazina aangalie salio mwenyewe kabla mzigo haujapakiwa, maana ujumbe bandia ni wizi unaowapata hata watu makini. Inafaa pia kila mwanamke alipwe kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Wapo watakaonung'unika, na kalenda mliyoichora itakuwa hoja yenu.

Mkopo unapofika, someni bei yake halisi. Mkopo wa 1,200 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi unaweza kuwa na maana mbili. Kama riba ni bapa, yaani inatozwa juu ya kiasi cha awali hadi mwisho, mtalipa riba ya 288. Kama inatozwa juu ya salio linalopungua, huku deni likilipwa kwa sehemu sawa, riba ni 156. Matangazo ya mikopo yote miwili yatasema asilimia 2. Ongezeni ada ya fomu, bima ya mkopo na akiba ya lazima, kisha mlinganishe jumla. Hakikisheni kwamba mkopeshaji ana leseni ya mamlaka inayosimamia sekta hiyo, mpate nakala ya mkataba katika lugha mnayoisoma, na msimwachie mtu kitambulisho, kadi ya benki wala namba ya siri kama dhamana.

Marejesho yafuate kalenda ya fedha. Mkopo wa kilimo unaodai malipo kila wiki kuanzia wiki ya kwanza hulipwa kwa kuuza mifugo au kwa kukopa kwingine, na hapo deni la pili huanza kimya. Epukeni kabisa mkopo wa sarafu ya kigeni kama mapato yenu ni ya sarafu ya ndani, hata riba yake ikiwa ndogo kiasi gani, kwa sababu sarafu ikishuka thamani kwa theluthi moja, deni lenu linapanda kwa nusu kabla hamjafanya kosa lolote. Riba inayoweza kubadilishwa na mkopeshaji wakati wowote iwe na kikomo kilichoandikwa.

Bima ya mazao inayolipa kwa kufuata vipimo vya mvua au picha za satelaiti huuzwa mara nyingi pamoja na mkopo. Ina nafuu ya kulipa haraka bila mkaguzi kufika shambani, lakini shamba lako linaweza kukauka ilhali kipimo cha eneo kinaonyesha mvua ya kutosha, na usilipwe kitu. Iwe nyongeza juu ya mfuko wa dharura wa kikundi, ambao michango yake iwekwe kando na hisa na isikopeshwe kwa biashara.

Kwa asasi inayosaidia, weka tarehe ya kuondoka tangu mwanzo, na kuanzia msimu wa pili mtendaji wako asishike kalamu, mizani wala simu ya kikundi. Mwishoni mwa msimu huo keti nyuma ya mkutano wa mgawo ukiwa mgeni, na uhesabu ni mara ngapi wanachama wanageuka kukutazama kabla ya kuamua. Kama ni zaidi ya mara mbili, baki msimu mmoja zaidi.